Ndama Aliyeota Pembe

Neno lipo! Nikisema "neno lipo," ninyi itikieni "tulipokee." Neno lipo! Aa, mmekula ndizi zangu halafu sauti hamna? Neno lipo! Haya, hapo nimesikia.

Zamani, zamani ile mlima wetu ulipovaa theluji mpaka masikioni, zamani ile Mkristo alijulikana kwa viatu, palikuwa na mzee wa kanisa aitwaye Zefania. Viatu alikuwa navyo. Mkewe, Mkunde, hakuwa navyo, na wala hakuviomba.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Aminieli. Wengine wanne walifariki wadogo wakazikwa mgombani, nyuma ya nyumba. Amebaki mmoja, wajukuu. Mmoja! Mtu mwenye mtoto mmoja anamshika vipi? Kama yai, ndiyo. Sasa msikilizeni Zefania.

Babake Zefania, Mzee Ndesanjo, akafa, na akafa hajabatizwa. Zefania akasema, "Wapagani na wazikane wao kwa wao," akavaa viatu, akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Siku ya kumzika baba yake! Unajua walijadili nini? Mabenchi. Kama yawe na mgongo au yasiwe nao.

Basi Aminieli ndiye aliyemzika babu yake. Alichimba, akamlaza, kisha akafanya alivyoombwa na babu mwenyewe kabla hajakata roho: akamwaga kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, juu ya kaburi. Kata moja tu, hata panzi asingelewa.

Jumapili Zefania akasimama mbele ya watu, sauti kama beberu aliyenaswa kwenye ua. "Ndugu wapendwa, nyumbani kwangu mwenyewe kumezuka mwabudu mizimu! Atengwe, mpaka asimame hapa aseme kwamba alichofanya ni uchafu."

Kutengwa ninyi hamkujui. Unaketi benchi la nyuma peke yako, meza ya Bwana huikaribii, na mtu kabla ya kukusalimu anageuka kwanza kutazama nani anamwona.

Aminieli akajibu kutoka kulekule nyuma. "Baba, kumzika babu si uchafu. Uchafu ni kumwacha ukaenda kujadili mabenchi." Akatoka. Akashuka mlima, akaenda kukaa porini kwenye joto na mbu, akalima ulezi kando ya mto.

Mnadhani Zefania alilia? Alinunua ndama.

Akamleta mpaka mlangoni pa kanisa, akasema, "Ndugu wapendwa, mnaijua habari ya mwana mpotevu. Yule baba ndiye mimi. Mwanangu yuko nchi ya mbali. Siku atakaporudi na kupiga magoti, ndama huyu atachinjwa." Wanawake wakajifuta machozi. Nchi ya mbali! Ukitoka kwa Zefania alfajiri, saa nne uko kwa Aminieli, hata kama umesimama njiani kusengenya.

Akaweka kiti langoni, kiti cha mgongo, akaketi kutazama barabara. Na kwetu, mnajua, ng'ombe hachungwi. Anafungwa zizini, analetewa. Majani yanakatwa porini, yanapandishwa mlima kichwani. Kichwani kwa nani? Wewe Kirenga, umewahi kuona mzee wa kanisa na mzigo wa majani? Kichwani kwa Mkunde.

Basi ikawa hivyo: baba kitini, mama porini, ndama zizini. Mwaka ukapita. Baba kitini, mama porini, ndama zizini. Wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Baba kitini, mama porini, ndama... ndama gani tena! Jirani yao, Ndosi, akachungulia juu ya ua.

"Zefania! Ndama wako ameota pembe."

"Ni ndama huyo."

"Ana nundu."

"Ni ndama, Ndosi. Ni ndama wa ahadi."

"Haya. Ndama wa ahadi amebomoa ukuta wa jiko lako."

Sasa nisogeleeni, kuna jambo Zefania hakulijua. Mkunde alikuwa akikata wapi yale majani? Kando ya mto, kwa Aminieli. Akifika tu, Aminieli anampokea mundu. Yeye anakata, mama anakaa kivulini na mjukuu mapajani, maana Aminieli alikuwa ameoa, na mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa. Kisha Aminieli anafunga mzigo, anamtwika mamake. Mnaona? Yule ng'ombe wa mpotevu alinenepeshwa na mpotevu mwenyewe! Na yule wa kitini akasifiwa kwa uvumilivu.

"Mama," Aminieli anamwuliza, "ndama wangu hajambo?"

"Hajambo, baba. Amenenepa. Anakusalimu."

Wanacheka. Wanacheka mpaka Mkunde anajifuta macho kwa khanga, na hapo si kicheko tena.

Mwaka wa saba Aminieli akachuma isale. Yale masale mnayoyaona uani si ya kuzuia kuku tu. Zamani ukimkosea mtu, ulimpelekea jani moja la isale. Akiliona, amesamehe. Hata kama ulimuua nduguye, amesamehe. Hakuna aliyewahi kulikataa.

"Mpelekee baba," akasema. "Mwambie nilimjibu vibaya mbele za watu, na hilo naomba anisamehe. La babu siliombei msamaha."

Mkunde alipanda mlima siku ile kama msichana. Mzigo kichwani hakuusikia. Akafika langoni, akapiga goti, akalitoa jani kwa mikono miwili. "Baba Aminieli, pokea. Limetoka kwa mwanao."

Zefania akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa panya. "Majani! Wapagani ndio wanaoombana radhi kwa majani. Mkristo anakuja kanisani, anapiga magoti, anasema." Akalitupa zizini. Ng'ombe akalinusa, akamtazama Zefania, akageuka akampa makalio. Ng'ombe yule alilelewa vizuri kuliko mwenye zizi.

"Na wewe," akasema Zefania, "umekutana naye wapi?"

Mkunde akautua ule mzigo wa majani.

"Aa! Kumbe! Kuanzia leo majani utakata juu, msituni. Ukikanyaga kule chini tena, Jumapili nitasimama nikutaje na wewe."

"Na mtoto je?" Mkunde akasema. "Wana mtoto, Baba Aminieli. Wamempa jina lako."

"Jina langu halitambai porini."

Ee Mungu wangu! Mkunde akainuka taratibu, magoti yakilia. "Wanne nimewazika mgombani," akasema. "Huyu ni mzima, anapumua, anacheka, na wewe unanipa jembe nimzike na yeye?"

Zefania akatazama barabara.

"Niambie basi, wewe unayesoma. Yule baba wa mahubiri yako, alipomwona mwanawe kwa mbali, alifanya nini?"

Zefania alipenda kuulizwa. Akakohoa. "Alimwonea huruma."

"Akiwa ameketi?"

"Hapana... alikimbia. Alimkimbilia."

"Alikimbia! Mtu mzima, mwenye mali?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mimi nisiyejua kusoma nilidhani alikuwa na kiti."

Akaingia ndani kupika. Hakusema tena. Mwanamke akinyamaza hivyo, wajukuu, hesabuni visu.

Jumapili Zefania akatangulia kanisani. Mkunde akaingia zizini, akafungua kamba. "Haya, ndama," akasema, "majani yako yote yalipita juu ya kichwa hiki. Twende." Wakatoka, na njia ya kushuka porini ilipita mbele ya kanisa, milango wazi.

Zefania alikuwa mbele, macho kafumba, mikono juu. "Ee Bwana, umtazame mwanangu aliyepotea! Mimi mtumishi wako ningali nasubiri..."

"Zefania," Ndosi akamnong'oneza, lakini mnong'ono wa Ndosi ulisikika mpaka kwa jirani wa tatu, "ndama anapita."

Zefania akafumbua jicho moja. Akafumbua na la pili. "Ng'ombe wangu!" Akaruka benchi, lile lililokuwa na mgongo, akatoka mbio. "Ng'ombe wangu! Ng'ombe wangu!" Waumini wote wakajaa mlangoni. Wale wanawake waliolia miaka saba iliyopita sasa walishikana mabega kwa kucheka. Kwenye kijito kiatu cha kwanza kikabaki matopeni. Kwenye mteremko cha pili kikamtangulia. Zefania, mzee wa kanisa, peku, koti linapepea, anakimbia! Tangu Aminieli aondoke, mtu yule hakuwahi kuharakisha hata kwenda kula.

Mkunde akafika. Aminieli alikuwa uani anamnawisha mtoto. "Mama! Leo Jumapili! Na huyu..."

"Ndiye ndama wako, baba. Shika kamba."

Aminieli akashika kamba, akacheka, kisha akainua macho. Mbali, kwenye njia ya vumbi, mzee mmoja alikuwa akija mbio, peku, mikono mbele.

"Mama. Yule si baba?"

Mkunde akatazama. Alijua yule mtu anakimbilia nini. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Ni baba yako," akasema.

"Anakimbia, mama. Baba anakimbia!"

Akaiachia kamba. Akakimbia na yeye. Wakakutana katikati ya ulezi, na Aminieli akamwangukia babake shingoni, mwanamume mzima analia kama kitoto. "Umekuja, baba. Umekimbia. Nisamehe, baba, nilikujibu vibaya."

Zefania alikuwa anahema. Mdomo ulikuwa umeshaliandaa lile neno, ng'ombe wangu, lilikuwa limefika kwenye meno. Juu ya bega la mwanawe akamwona ng'ombe anatafuna ulezi. Kando ya ng'ombe akamwona Mkunde, mikono kifuani, anamtazama. Macho yale yalisema: haya, litoe. Litoe nikuone. Na shingoni machozi ya mwanawe yalikuwa ya moto.

Akalimeza. Koo lilipanda, likashuka.

"Nimechoka," akasema. "Nipe maji, mwanangu."

Wajukuu, mtu yule alihubiri miaka arobaini, na mahubiri yake bora ni hilo neno alilolimeza. Mkunde hakumwambia Aminieli kamwe. Ng'ombe alichinjwa siku ileile, na nyama ilikuwa ngumu mpaka watu waliitafuna kwa zamu. Ndama huchinjwa akiwa ndama.

Basi mkikua mkazaa, na mtoto akawatoroka, msinunue viti. Mtoto hasubiriwi kwa makalio. Inuka, hata kama mwanzo unakimbilia upuuzi, miguu itajua njia. Na wenye ndama wa pembe bado wapo. Wawili nasali nao benchi moja. Siwataji, mimi si Zefania.

Neno lilikuwa kwangu, sasa liko kwenu. Mkilipunguza ni ninyi, mkiliongeza si mimi.