Sikudhani Akubali Luku Ing'olewe

Mwenye nyumba, Mzee Mbwiga, alichoka kuzomewa kila kiyoyozi chake kilipomaliza umeme ambao wapangaji walikwisha kuulipia kwenye luku, mita ya kulipia kabla ya kutumia. Akawaita uani, na mjumbe wa mtaa awe shahidi.

"Luku naing'oa. Bili itakuja mwisho wa mwezi, tugawane sawasawa."

Wapangaji wakafyonza. Sikudhani, muuza vitumbua, akapiga makofi peke yake.

"Ila baba, mimi mzito wa kuelewa. Luku ina ubaya gani?"

"Ni dhuluma! Kwa nini mtu alipie kitu ambacho hajakitumia? Atumie kwanza, mwezi ukiisha alipe."

"Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii?"

"Kuanzia leo! Asiyeitaka ahame."

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia."

Wenzake wakamwita kibaraka. Sikudhani akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Luku ikang'olewa. Siku ya kodi ilipofika, Mzee Mbwiga akagonga mlango wa Sikudhani, kiganja wazi.

"Kodi ya miezi sita mbele, kama kawaida."

Sikudhani akamwita mjumbe kwanza, kisha akajishika kiuno.

"Miezi sita ambayo sijailala humu? Baba, mbona unanirudishia luku? Nenda, mwezi ukiisha niletee bili."