Barua ya Posa ya Nuhu na Vitufe Vilivyohama

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani za wafalme na majini. Nasema zamani hii hii ya juzi, zamani ya simu na umeme wa kukatika. Hapo zamani palikuwa na mwanamume kule Tabora, jina lake Nuhu. Alikuwa haoni tangu utoto. Lakini vidole! Loo, vidole vya Nuhu vilikimbia juu ya kibodi mpaka mwenye macho akaona haya.

Nuhu aliwafundisha kompyuta wenzake wasioona, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Kompyuta yao ilikuwa na programu ya kusoma skrini. Ukiandika, inasema ulichoandika. Ukikosea, inasema ulivyokosea, tena mbele za watu. Basi wanafunzi wakaipa jina la Shangazi, maana haina siri na haichoki kusema. Ukitaka Shangazi akusomee, unabonyeza kitufe chake pamoja na kitufe kingine. Vitufe hivyo vingi vilikuwa upande wa kulia kabisa wa kibodi, kule kwenye tarakimu: huku mstari, huku neno, huku barua nzima. Miaka sita vidole vya Nuhu vilikuwa vinakwenda huko bila kuuliza njia.

Sasa, Nuhu alikuwa anampenda Tunu. Tunu ni fundi cherehani, macho yake anayo, mazuri tu. Ndiye aliyemshonea mashati na kumwekea mafundo madogo ya uzi ndani ya kola: fundo moja, shati jeupe, mafundo mawili, la bluu, mafundo matatu, la sikukuu. Mwanamke anayekufungia mafundo kwenye kola ujue umevaa nini, nyinyi mnataka mapenzi gani tena?

Taabu ilikuwa kwa baba yake Tunu, Mzee Mfaume. Huyu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Alistaafu yeye, ukarani haukustaafu. Siku ya Jumatatu alimwita mjomba wake Nuhu, Bwana Kasimu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, akamwambia:

"Kasimu, mpwa wako simkatai. Lakini kuna kijana mwingine, ana duka la vifaa vya ujenzi, barua yake ya posa ninayo mezani. Ya kwenu niione Ijumaa baada ya sala. Na aiandike Nuhu mwenyewe. Mwenye macho asimwandikie. Mwenye macho asimsomee. Mwenye macho asimsahihishie."

"Lakini Mzee wangu, barua ya posa huandikwa na wazee!"

"Najua. Mimi nataka ya kwake. Tunu haolewi na wazee. Siku mimi sipo, nitajuaje kwamba nyumba ile ina mtu wa kushika kalamu?"

Mjomba Kasimu alirudi amenyong'onyea. Nuhu akacheka. "Hilo tu, mjomba? Mbona hiyo kazi ya saa moja!"

Haya, kacheka. Jumanne umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua. Moshi pu! Shangazi kimya.

Jumatano akaja Riziki. Riziki ni binti, fundi wa kompyuta. Ana macho, ana moyo mwema, na ana haraka. Alileta kompyuta mpakato, ile inayokunjwa kama kitabu, zawadi ya watu wema kwa darasa. Ndani yake alikwishamweka Shangazi, toleo jipya kabisa. Hakumuuliza mtu. "Mwalimu, kaa tu uandike!"

Nuhu akakaa. Vidole vikaenda kulia, kwenye tarakimu. Vikagonga meza. Kibodi imeishia hapo! Akabonyeza kwingine, Shangazi akamwambia saa. Akabonyeza kwingine, Shangazi akamwambia chaji imebaki asilimia sitini. Akabonyeza kwa hasira, Shangazi akaanza kusema Kiingereza.

"Riziki! Umemfanya nini Shangazi wangu?"

"Mwalimu, kompyuta hii ndogo haina tarakimu za pembeni, ndiyo maana vitufe vyake vimehamishwa. Na kitufe cha kumwitia Shangazi nimekuwekea kile cha herufi kubwa, karibu na kidole kidogo cha kushoto. Nilidhani utafurahi."

"Umenihamishia nyumba mimi niko kazini, halafu hata hukuniachia maelekezo!"

Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Jumatano ikapita, hajaandika mstari. Tunu aliposikia alilia. Akamwambia, "Nuhu, jitahidi. Mimi siwezi kwenda kuishi na mabati na misumari."

Sasa wasikilizeni wanawake watatu, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Wa kwanza, Chausiku. Huyu haoni, ni mwanafunzi wa Nuhu, mtu mzima, muuza asali. Alhamisi asubuhi akamwambia Riziki, "Nifungulie maelezo ya hivyo vitufe vipya, kisha nipishe." Akakaa na Shangazi kuanzia asubuhi, ikaja adhuhuri, ikaja alasiri. Asali haikuuzwa hata chupa moja. Kichwa kikamuuma. Vitufe sitini na kitu, akavishika vyote. Kisha, maana Chausiku hajui kufundisha kwa kununa, akavifanya wimbo. Yeye anauliza, darasa linaitikia:

"Shangazi na L?"
"Mstari huo!"
"Shangazi na A?"
"Barua yote!"
"Shangazi na nukta?"
"Herufi moja!"
"Na kulia kuna nini?"
"Kulia hakuna kitu, rudisha mkono!"

Wakaimba, wakapiga makofi, hata wanaosubiri unga nje wakaitikia. Nuhu akaujua wimbo. Lakini akiketi kuandika, vidole hivyoo, kulia, mezani! Kichwa kimekubali, vidole vimegoma.

Wa pili, Mama Sihaba, na Sihaba ni jina lake mwenyewe, mwenye mashine ya kusaga. Huyu anaona, na kwa kompyuta hajui hata pa kuwashia. Alichungulia mlangoni akamkuta mwalimu anaipiga meza kwa kiganja. Akauliza, "Kwani vitufe vyenyewe vinavyotakiwa ni vipi?" Wakamtajia. Akatoka, akarudi na gundi na konzi ya mtama. Kwenye L akabandika punje moja. Kwenye A, punje mbili. Kwenye kitufe cha Shangazi akabandika punje nzima ya hindi. "Haya mwalimu, papasa." Nuhu akapapasa. Vidole vikakutana na punje, vikatulia. Akaruka kitini kwa furaha, akamwita Mama Sihaba mama yake wa pili, na mama wa kwanza yupo hai!

Ijumaa asubuhi akaketi kuandika. Sasa sikilizeni vizuri. Kile kitufe cha Shangazi kilikuwa na hila yake. Ukikibonyeza mara moja na mwenzake, unamwita Shangazi. Ukikibonyeza chenyewe mara mbili upesi, kinarudia kazi yake ya zamani, kinawasha herufi kubwa. Na Nuhu, kwa raha ya kuigusa ile punje ya hindi, alikibonyeza mara mbili. Shangazi akasema, "Herufi kubwa zimewashwa." Alisema, msimsingizie. Lakini wakati huohuo Mama Sihaba alikuwa anasaga gunia la mahindi, mashine inanguruma, kuta zinatetemeka. Nuhu hakusikia.

Akaandika barua yake mwanzo mpaka mwisho. Mashine ikanyamaza, akabonyeza Shangazi na A, barua yote ikasomwa, maneno yamenyooka. Shangazi husoma kubwa na ndogo kwa sauti ileile, mtu angejuaje?

Wa tatu ni Riziki yuleyule. Ndiye aliyechapisha. Karatasi ikatoka. Riziki akaitazama. Mungu wangu! Barua yote, kuanzia salamu mpaka jina, ni herufi kubwa tupu! Kwa karani wa mahakama, hiyo si barua, hizo ni kelele. Ni kama umemfokea mkweo mlangoni kwake. Riziki akafungua mdomo, akakumbuka: mwenye macho asimsomee, mwenye macho asimsahihishie.

Nuhu akauliza, "Riziki, iko sawa?"

Riziki akajibu, "Karatasi imetoka, mwalimu."

Akaikunja, akaitia katika bahasha, bahasha ikafungwa katika kitambaa cheupe. Mjomba Kasimu akaibeba. Riziki akaenda kukaa nyuma ya jengo.

Kwa Mzee Mfaume wazee wameketi mkekani, Tunu yuko nyuma ya pazia. Ikaanza barua ya mwenye duka, mwandiko wa kalamu ya wino, herufi ndogondogo zimelala upande, nzuri kwelikweli. Mzee akampa jirani. "Nisomee, miwani nimeiacha ndani." Miaka miwili sasa miwani ya Mzee Mfaume imeachwa ndani, na hakuna aliyeuliza kwa nini haitoki.

Ikaja barua ya Nuhu. Mzee akaifungua, akanyoosha mkono kumpa jirani. Mkono ukasita. Ukarudi. Akaisogeza karatasi usoni. Midomo ikacheza. Kisha, jamani, Mzee Mfaume akasimama, akasoma mwenyewe, kwa sauti ya mahakamani:

"MZEE WANGU, SHIKAMOO. BARUA HII NIMEIANDIKA KWA VIDOLE VYANGU. TUNU HUNIWEKEA MAFUNDO KATIKA KOLA NIJUE NIMEVAA NINI. NAOMBA NIWE NAYE MAISHA YANGU YOTE, NAMI NIMTAFUTIE ANAYOYAKOSA YEYE. NYUMBA YETU ITAKUWA NA MTU WA KUSHIKA KALAMU. MIMI NUHU."

Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka. "Wazee wenzangu, miaka miwili sijasoma karatasi kwa macho yangu. Yameingia ukungu, nikaona haya kusema. Maandishi madogo kwangu ni vumbi tu. Leo nimesoma, na aliyenisomesha ni mtu asiyeona. Kanihurumia bila kuambiwa. Nimpe nani mwanangu kama si huyu?"

Nyuma ya pazia, Tunu akapiga kigelegele cha kwake mwenyewe. Aibu gani? Mwacheni apige.

Siku ya harusi Mzee alimshika Nuhu mkono. "Mwanangu, ulijuaje kwamba nahitaji herufi kubwa?"

"Herufi kubwa zipi, baba?"

Hapo Riziki akashindwa kuvumilia, akasema yote: kitufe, hindi, mashine, na kimya chake. Mzee Mfaume akacheka mpaka kofia ikadondoka. Nuhu naye akacheka, akasimama mbele ya watu akasema, "Binti yetu wa kwanza ataitwa jina la yule aliyenifikisha kwa Tunu!" Watu wakashangilia. Bwana harusi asemayo siku ya harusi, taabu yake huja baadaye.

Mwaka haukuisha, akazaliwa binti, saa sita mchana, na sauti ya kumshinda Shangazi. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, mbuzi wa akika kachinjwa, pilau liko jikoni, na wanawake watatu hao, kila mmoja na kanga mpya.

Chausiku akasema, "Aitwe Chausiku. Nimekaa siku nzima, asali yangu imelala. Bila wimbo wangu mwalimu angekuwa anaambiwa saa mpaka leo. Barua isingekuwepo, kubwa wala ndogo!"

"Chausiku, na mtoto kazaliwa jua la utosi?" akadakia Mama Sihaba. "Aitwe Sihaba. Wimbo wako aliujua, na meza aliipiga! Punje zangu ndizo zilizomwonyesha njia. Tena mashine iliyomziba Shangazi ni ya nani? Si yangu? Isingenguruma, angesikia, angezima, baba mkwe asingesoma neno."

Riziki akasema taratibu, "Nyinyi mlifanya barua iandikwe. Mimi nilifanya isomeke. Kitufe nilikiweka mimi. Na kosa nililiona, nikashika sharti la Mzee, nikanyamaza. Ningesema neno moja tu, leo Tunu angekuwa anauza misumari."

"Wewe!" Chausiku akamgeukia. "Si wewe uliyevihamisha vitufe bila kutuuliza? Mtu akutie shimoni, ukiokota lulu humo, umshukuru yeye? Na hebu sema kweli mbele ya mtoto: ulinyamaza kwa kushika sharti au kwa woga?"

Riziki akajibu, "Vyote viwili, dada."

Watu wakaguna. Wengine wakasema, huyo kwa ukweli huo tu apewe. Wengine wakasema, bahati si kazi, apewe aliyetoka jasho. Mzee Mfaume akasema, "Mimi msiniulize. Mimi nilikuwa naficha miwani."

Wakamgeukia Tunu. Tunu akacheka, akamweka mtoto mikononi mwa Nuhu. Ndani ya kola ya kigauni cha mtoto alikuwa ameshona mafundo matatu. Nuhu akayapapasa moja moja, akatabasamu. Mafundo matatu, lakini jina ni moja, na ahadi aliitoa mwenyewe mbele za watu.

Basi Nuhu ameinama. Mdomo uko sikioni mwa mtoto. Pilau linapoa, wanawake watatu wamezuia pumzi, na mtoto ameacha kulia, anasikiliza.

Nyinyi mnaojua kuhukumu, msimwache baba wa watu ameinama: amwite Chausiku aliyemfundisha, amwite Sihaba aliyemwonyesha njia, au amwite Riziki aliyekosea na kunyamaza? Je, nani alistahili?