Hodi ya Ukutani

Nitegeeni masikio, ndugu zangu, na nyie wa nyuma mliokwisha kuegemea nguzo, amkeni kidogo. Nataka kuwapigia mfano wa mtaa uliokuwa salama kuliko mitaa yote ya mji wake.

Zamani mtaa huo ulikuwa na wezi, tena wezi wenye adabu. Walikuja mchana kweupe, wakabisha hodi kwa sauti ya upole, na ukiwafungulia wanakufunga kamba na kubeba kila kitu mpaka sufuria iliyo jikoni. Watu wakachoka. Wakaitana kikao, wakawekeana sharti moja: katika mtaa ule hodi haitajibiwa. Mgeni apige simu kwanza. Asiyepiga simu, hata aite mpaka koo limkauke, huyo ni mwizi.

Na kweli, wizi ukaisha. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na daftari la matukio ya uhalifu, na kila mwezi aliandika sifuri. Mitaa ya jirani ikaona wivu. Lakini mngepita pale saa saba mchana, wallahi mngetamani kutimua mbio. Mageti yamefungwa, madirisha yamefungwa, hakuna anayemuuliza mwenzake kaamkaje. Je, huo si usalama? Hata mimi ningesema ndio, kama nisingejua yaliyompata mama mmoja mshonaji.

Mama huyu aliwahi kufungwa kamba na wale wezi, na tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Aliishi katika moja ya nyumba tatu zilizoshikana kuta: yeye upande huu, mwenyekiti upande ule, na katikati mzee mgane, peke yake. Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, yuko kwenye cherehani anashona sare za shule, akasikia:

"Hodi."

Akaacha kukanyaga cherehani, akatega sikio kuelekea getini. Kimya.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Sauti haikutoka getini. Ilitoka ukutani, chini kabisa karibu na sakafu, imekauka, haijulikani ni ya nani. Ikaita mara ya tatu, ikanyamaza. Mara tatu, kama sote tulivyofundishwa.

Akajiambia, wezi wameingia kwa mzee, sasa wananijaribu mimi. Na mzee je? Mzee atakuwa kasafiri kwa bintiye. Hakumwona akisafiri, wala hakumbuki alimwona lini mara ya mwisho, lakini jibu hilo lilimfaa, akalishika.

Siku ya pili, saa ile ile, hodi tatu tena, na safari hii kuna kitu kinakwaruza ukuta. Akampigia simu mwenyekiti.

"Mwenyekiti, kuna mtu ananibishia hodi ukutani."

"Ukutani? Si mlangoni?"

"Ukutani, baba. Upande wa mzee."

Mwenyekiti akarudia polepole, "Upande wa mzee." Kisha akasema, "Hiyo ni mbinu mpya, mama. Usijibu. Wakichoka wataondoka."

Siku ya tatu sauti ilikuwa hafifu, maneno hayasikiki vizuri. Mama akasogea, akaweka kiganja ukutani. Akahisi mtu anagonga, taratibu, pale pale chini ya kiganja chake. Ndugu zangu, neno "karibu" lilimfika mdomoni. Lilikuwa neno moja tu. Kisha akaikumbuka kamba, akarudi kwenye cherehani, akaanza kuikanyaga kwa nguvu bila uzi wala kitambaa, ili kelele zake zimfunike masikio.

Siku ya nne kulikuwa kimya. Akamshukuru Mungu. Nasema tena, mnisikie vizuri: alimshukuru Mungu.

Wiki ilipopita, harufu ndiyo iliyowatoa watu nje. Polisi wakakata nondo za mlango. Wakamkuta mzee sakafuni, amelala ubavu kwenye ukuta wa mshonaji. Alianguka, akavunjika nyonga. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, asipoweza kuifikia. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka vyote. Polisi wakakagua, wakakuta kila kitu kipo, na makufuli yote yamefungwa kwa ndani. Wakasema hakuna uhalifu hapa, mzee amekufa kwa ajali nyumbani kwake.

Mwisho wa mwezi watu wakakaa kikao kama kawaida. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma: "Matukio ya uhalifu, sifuri." Watu wakapiga makofi. Mama mshonaji akasimama.

"Mwenyekiti, andika moja."

"Mama, hakuna kilichoibiwa. Nitamwandika nani?"

"Niandike mimi. Alinibishia hodi siku tatu, na nilimsikia."

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti, wakingoja amtulize mama wa watu. Hakumtuliza. Aliinama, akaandika, na alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nimeandika mbili," akasema. "Alianza upande wangu. Alibisha kutwa nzima, sikumjibu. Alipoona sijibu, akajikokota na nyonga yake ile ile, akaja kwako."

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Sasa tuambizane ukweli, maana ule mtaa mnaufahamu. Ni sisi. Tumepandisha kuta, tumeweka nondo, na tukiulizwa habari za mtaani kwetu tunasema alhamdulillahi, kumetulia. Mwizi akichukua televisheni tunajua saa aliyoingia na njia aliyotokea. Mtu akitufia ubavuni, inabidi harufu ije kutuambia. Fungeni milango yenu, siwakatazi, wezi wapo. Lakini siku tutakayoulizwa habari za majirani, mnadhani tutaonyesha daftari lenye sifuri tuachiwe tupite?

Mimi ninayewasemesha hapa ninaye jirani, bibi mmoja mgonjwa wa miguu, sijamwona tangu Jumatatu. Niliikumbuka Jumatatu hiyo hapa hapa, nikiwa katikati ya maneno, na nimeona haya mbele yenu. Kwa hiyo dua leo itakuwa fupi, na msinisubiri kwa salamu mlangoni. Nakwenda kwake. Na wewe, wa kwako umemwona lini?