Jina la Mtoto wa Tusekile

Sogeeni. Mwenye masikio mawili ayalete yote, maana mwishoni nitauliza.

Kando ya Ziwa Nyasa walikuwapo watu watatu. Gwantwa, mama mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege, alijaliwa ukaidi. Akisema hapana, ni hapana. Nesi Subilaga alijaliwa sikio, kwa kuwa miaka mingi alisikiliza mapigo ya watoto matumboni. Rubani Lusekelo alijaliwa mikono isiyotetemeka.

Masika moja mafuriko yalikata barabara, na Tusekile akashikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya. Ndege ya injini moja ikaja kumpeleka hospitali. Lusekelo akajaza mafuta ya pipa la akiba kwenye matangi ya mabawa yote mawili, akakimbilia usukani.

Gwantwa akaziba mlango wa ndege, chupa ya kupimia mafuta mkononi. "Hujapima. Pipa hilo nililisahau wima mvuani, huenda limeingia maji."

"Mama, mke wangu anakufa, nawe unataka kuchezea chupa?" akafoka Ambilikile, mume wa Tusekile.

"Basi nikanyageni mpite."

Lusekelo akashuka, akakinga mafuta ya bawa la kushoto kwenye chupa. Chini yake yakatulia maji. Akamwaga, akakinga tena na tena, mpaka chupa ikawa safi. Alipoelekea bawa la kulia, Tusekile akapiga ukelele.

"Twende, Rubani!" akasema Subilaga. "Hilo utalipima tukifika."

Gwantwa naye akapisha, wao wakaruka.

Juu ya ziwa, Lusekelo akageuza swichi ili injini inywe mafuta ya bawa la kulia, mabawa yasizidiane uzito. Injini ikakohoa, ikazima.

"Inua pua! Inua!" akalia Ambilikile.

Lusekelo akaishusha, kwa sababu ndege iliyozima ukiilazimisha kupanda huanguka kama jiwe. Ikateleza hewani taratibu, yeye akitafuta ufukwe wa kutua. Ufukwe wote ulikuwa umemezwa na maji.

"Ilipumua vizuri mpaka ulipogeuza hicho," akasema Subilaga. "Rudisha kushoto!"

Akarudisha. Akawasha, kimya. Akawasha tena, ikanguruma.

Wakafika hospitali, Tusekile akajifungua salama, mtoto wa kike. Na katika ukoo wa Ambilikile, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa, naye huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Jina ni moja tu.

"Bila ukaidi wangu mngerudisha swichi wapi?" akauliza Gwantwa.

"Mafuta yako safi yangelala bawani bila sikio langu," akajibu Subilaga.

Lusekelo akacheka. "Na sikio hilo lingesikia nini chini ya ziwa?"

"Sawa," akasema Ambilikile. "Lakini pipa nani aliliacha wima? Nani hakulipima bawa la kulia? Na nani alisema..." Akakumbuka maneno yake mwenyewe pale mlangoni, akainama kumfunika mtoto.

Siku ya saba imefika, na msichana bado anaitwa Mtoto tu. Haya, mliosikia: mngekuwa nyinyi ndio wazazi, mngemwita nani?