Mkono wa Chini wa Upinde

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado inasinzia hadi jua kupanda, chui aliziba njia ya chemchemi. Aliyekwenda na mtungi alirudi mbio bila mtungi. Wazee wakatoa neno: atakayetuondolea chui huyu, shamba la kando ya chemchemi ni lake.

Syombua alilisikia neno hilo, akalitamani shamba. Alikuwa mjane, mashemeji wamemfukuza, analala jikoni kwa watu. Lakini yeye na chui wapi na wapi?

Fundi Mulandi akachonga upinde. Kwao fundi hapimi kazi yake mwenyewe, maana anayevuta haoni upinde unavyopinda. Yeye huvuta, mwingine husimama mbali akatazama kama mikono ya upinde, wa juu na wa chini, inapinda sawasawa. Akamwita Syombua.

Mulandi akavuta taratibu. Syombua akatazama, macho nusu yamefumba. Ukungu ukapita, na upinde ukawa kama mtu anayejinyoosha usingizini, mkono mmoja kaunyoosha, wa pili kausahau.

"Wa chini ni mgumu," akasema. "Wa juu unabeba peke yake. Utavunjika."

"Wewe mama unaota!"

"Basi naota. Kwangua wa chini."

Mulandi akacheka, akakwangua, akavuta.

"Bado."

Akakwangua, akavuta.

"Bado."

Akakwangua kwa kununa, akavuta, na mikono yote miwili ikainama pamoja, polepole, hata Syombua akatokwa na machozi asijue kwa nini.

Kijana Nzioka akauchukua upinde, akaenda chemchemini peke yake. Chui akaruka. Nzioka akavuta hadi sikioni, upinde ukastahimili, mshale ukatoka, chui akaanguka miguuni pake.

Wakakutana mbele ya wazee.

"Shamba ni langu," akasema Nzioka. "Chui aliponirukia, hawa walikuwa wapi?"

"Ni langu," akasema Mulandi. "Ungemtupia mawe? Na mikono yangu imeanza kutetemeka, sitachonga mwingine."

Syombua alitaka kunyamaza, akajisikia anasema: "Upinde ungemvunjikia Nzioka mkononi, tungekuwa tunamlilia. Sikuchonga, sikupiga. Niliona tu. Lakini nyinyi mna pa kulala."

Wazee wakaenda kulipima shamba kwa hatua. Shamba lenyewe dogo, halikatiki.

Haya, ninyi mnaojifanya mmesinzia, semeni: shamba lile, nani alilistahili?