Mashavu na Visima Saba

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekula nini, mbona sauti haitoki? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ukame ulikuwa unakuja. Punda milia walikuwa na sheria yao: kabla ya kuhama, kila kijana asimame mbele ya wazee, ataje visima saba vya njiani, kimoja baada ya kingine. Akishindwa, anabaki na vikongwe. Na anayebaki, fisi anamjua kwa jina.

Bi Punda Milia alikuwa na binti mmoja, Mashavu. Mashavu alisoma kwa Mwalimu Korongo. Kila asubuhi, kabla ya somo, Korongo aliwatoa wanafunzi mchakamchaka. Puku-puku! Puku-puku! Vumbi mpaka masikioni.

Bi Punda Milia hakutaka hata kusikia. "Kwato hazifanyi mtihani," alisema. Akamkataza binti kukimbia. Akamkalisha chini ya mgunga, asubuhi mpaka jioni. Soma! Soma!

Siku anaanza kukalishwa, Mashavu alijua visima vitano. Mwezi ukapita, akajua vitatu. Mama akazidi kumkalisha. Akajua viwili. Kichwa kizito, macho mazito, hata majani hayapiti kooni.

"Mama, vinanitoka."

"Vinatokaje, nawe umekaa tu? Rudia!"

"Chemka, Jiwe Jekundu..." Vikaishia hapo.

Zikabaki siku sita kabla ya mtihani. Nyasi zikikanyagwa zinalia kra, kra. Mama akamwendea Korongo.

"Mwalimu, mwanangu ataliwa."

"Umemtua chini kama gunia, halafu unataka akili itembee? Mlete mchakamchaka."

"Siku sita, mwalimu! Akikimbia atasoma saa ngapi?"

"Akishakimbia. Kwani sasa anasoma, bibi wee? Anakodoa macho tu."

Bi Punda Milia akamwachia. Asubuhi puku-puku, kisha somo. Siku ya pili, visima vitatu. Ya nne, vitano. Ya sita, sita. Sita! Na vinatakiwa saba.

Mtihani huo ukafika. Mashavu akasimama. Akataja kimoja, akataja viwili, mpaka sita. Akakwama.

Mzee wa kundi akapiga kwato chini. "Bado kimoja, binti."

Kule kichakani fisi akacheka.

"Babu, naomba nizunguke uwanja kidogo."

Wazee wakaguna. "Huu mtihani au ngoma?" Wakamgeukia mama. "Mwambie mwanao atulie, afikiri!"

Bi Punda Milia akasogea mbele. Maneno hayo hayo ndiyo aliyoyaimba mwezi mzima.

"Mwacheni akimbie," akasema. "Nilimtuliza mimi, nikabaki na visima viwili."

Puku-puku! Mzunguko wa kwanza, bado. Wa pili, mama kafumba macho. Mashavu akarudi anahema.

"Miiba! Cha saba ni Miiba!"

"Ingia kwenye mstari," mzee akasema. "Tunaondoka."

Basi nyie wazazi mnaoficha mpira uvunguni mtihani ukikaribia, mmesikia? Kumfungia mtoto ndani si kumsomesha. Mwili ukilala, akili nayo inalala. Acheni watoto wakimbie, kisha wasome.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, inukeni. Mmekaa mno.