Kura ya Chafya

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wameitika, wakubwa mmenung'unika. Haya, tuendelee.

Hapo zamani za kale, Bibi Mbwamwitu na Bweha walikuwa wanagombana.

"Paja langu!" akafoka Bweha. "Swala nilimwona mimi. Mnakula nyie, mimi naambulia harufu!"

"Paja lako lipo. Mimi sili haki ya mtu. Lakini mbona una tongotongo? Umetoka wapi?"

"Kwa binamu zangu, mbwa wa kijijini. Tumekula chungu kimoja."

"Ni wazima?"

"Wazima kabisa, shangazi. Hata mimi." Chyaa!

Sasa jueni: mbwamwitu wakitaka kuwinda, hupiga kura kwa chafya. Chafya zikiwa nyingi, safari ipo. Ndiyo mila yao.

"Bweha ameunga mkono safari!" wakashangilia mbwamwitu wote. Wakampa paja, wakalambana naye midomo. Ndiyo salamu yao.

Kirusi hakina miguu. Hupanda chafya, hupanda ulimi, kinafika.

Baada ya siku chache wakakaa kikao.

"Tukawinde?" Chyaa! Chyaa! Chyaa!

"Tusiwinde?" Chyaa! Chyaa! Chyaa!

Umoja wa namna hiyo haujapata kuonekana. Mzee wao akausifu sana, akaanguka, akafa. Wakapendekeza rambirambi. Zikapita.

Simba akala mabaki yao. Chyaa! Fisi akala mabaki ya Simba. Chyaa! Wakaulizwa, "Na nyie mnapigia kura nini?"

Bibi Mbwamwitu akaingia pangoni kunyonyesha. Kitinda mimba wake akainua kichwa. Chya.

Mama akaganda. "Tangu lini mtoto mchanga anapiga kura?"

Akatoka akiwaka. "Hii si kura, ni maradhi! Kila mtu na kichaka chake! Marufuku kulambana! Anayekubali atikise mkia!"

Wakatikisa. Wengi wakapona. Kitinda mimba hakupona.

Bibi Mbwamwitu akakumbuka zile tongotongo, akaenda kwa Bweha, akasimama ng'ambo ya korongo.

"Ulijua unaumwa?"

"Nilijua, shangazi. Ningesema, mngeninyima."

"Ningekurushia nyama ukiwa huko huko. Hukuuliza."

Wasikilizaji, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo hicho huanzia kwa jirani. Ukiumwa, sema, ukae kando.

Hadithi yangu imeishia hapo korongoni, Bweha kainamisha kichwa, Bibi Mbwamwitu hajaondoka.

"Uhai wa mwanangu hutaweza kunilipa," akasema. "Lakini ukweli unaweza kunilipa. Panda kwenye kichuguu hicho, uwaambie wanyama wote unaumwa. Nimesimama hapa. Sema."